Niandikie, Mama: Benchi na Sufuria Zilizoilisha Dar es Salaam

Wali wa nazi wa mama lishe anayeijua kazi yake huanza saa tatu asubuhi, wateja wa chai wakiwa bado hawajaisha. Nazi zinavunjwa, mtu anakaa juu ya mbuzi na kukuna. Tui la kwanza, lile zito, linakamuliwa na kufunikwa pembeni. Kisha maji ya vuguvugu yanatiwa kwenye machicha, linakamuliwa tui la pili, jepesi, na hilo ndilo linaloanza kuuchemsha mchele. Tui zito huingia mwishoni, wali ukikaribia kukauka. Hapo makaa yanapunguzwa chini na kupaliwa juu ya mfuniko, wali unaiva kwa moto wa juu na wa chini, kila punje ikijitenga na mwenzake. Chini kabisa ya sufuria unashika ukoko wa rangi ya kahawia, mkavu, wenye mafuta ya nazi, ambao wateja wa siku nyingi huugombea.

Mama niliyekula kwake miaka mingi pale Gerezani, jirani na mafundi magari, alipika hivyo kila siku ya kazi, na sijala wali ulioushinda wake. Tulimwita kwa jina la mwanawe wa kwanza, kama ilivyo ada yetu, na wengi hatukulijua jina lake mwenyewe mpaka lilipotajwa msibani. Mchele wake ulikuwa wa Kyela kila alipoupata kwa bei ya kuzungumzika. Usipopatikana, aliuchanganya na wa Shinyanga na kutuambia mwenyewe kabla hatujauliza, kwa sababu alijua kwamba sisi tungeijua tofauti kwa harufu tu.

Maharage aliyaloweka tangu usiku. Aliyachemsha mpaka yakalainika bila kupasuka, akayaunga kwa kitunguu na nyanya, tui likaja mwisho na likakorogwa taratibu lisikatike. Siku ya mchicha, ulikuwa mchicha wa bonde la Msimbazi, uliochumwa asubuhi ileile na kuletwa kwa baiskeli. Siku ya kisamvu, kilitwangwa kwenye kinu nyuma ya kibanda na kupikwa kwa karanga na nazi mpaka mafuta yakaelea juu. Alikuwa na dagaa wa Kigoma wa kukaanga na nyanya, waliokwenda na ugali wa dona, na siku moja moja bamia na nyanya chungu. Ijumaa ilikuwa pilau. Aliyefika Ijumaa baada ya saa nane alikuta mwiko unakwangua sufuria.

Kibanda chenyewe kilikuwa mabati juu na turubai ubavuni, benchi mbili ndefu za mbao, meza iliyovikwa kitambaa cha plastiki chenye maua, ndoo ya kunawia na kipande cha sabuni. Hapo alikaa fundi aliyetoka chini ya gari, mikono ameisugua kwa petroli kisha sabuni. Alikaa karani aliyeiingiza tai yake ndani ya shati isichovye mchuzi. Makondakta wa daladala walikula wamesimama. Watoto wa shule walikula kwa nusu bei, jambo ambalo hakuliandika popote wala hakulitangaza. Mtoto akija na sare, sahani ilijaa vilevile. Mazungumzo yalikuwa Simba na Yanga, bei ya vipuri, na nani kafiwa.

“Shikamoo mama.”

“Marahaba mwanangu. Umechelewa leo, ugali umekwisha. Nikutilie wali?”

“Nitilie wali maharage, na mchicha. Ukoko upo?”

“Ukoko wako nimeuweka.”

Hilo neno, “nimeuweka”, ndilo lililonifanya niandike makala haya. Nimekula katika migahawa mingi yenye viyoyozi na orodha ndefu ya vyakula, na baadhi yake inapika vizuri sana. Lakini kule hakuna aliyewahi kuniwekea kitu. Mama lishe alipika akijua nani anakuja: alijua kwamba yule wa kiwandani hali nyama ya utumbo, kwamba mzee wa duka la betri ana kisukari na apewe wali kidogo na mboga nyingi, kwamba kijana aliyekaa kona hana kazi tangu mwezi uliopita na asiulizwe. Utamu wa chakula kile ulitoka kwenye sufuria, sikatai, lakini ulitoka pia katika kujuana huko, na mimi sijawahi kuweza kuvitenganisha.

Kujuana huko kulikuwa na kitabu chake. Lilikuwa daftari la shule, lile lenye jedwali la kuzidisha nyuma, limefungwa kwa mpira na kuwekwa chini ya kopo la chumvi. Kila mteja alikuwa na ukurasa. Majina hayakuwa ya vyeti: palikuwa na Fundi Betri, Mrefu, Kaka Miwani, Dada wa Posta. Ulimaliza kula, ukanawa, ukasema, “Mama, niandikie,” naye akaandika sahani na tarehe kwa penseli. Mwisho wa mwezi ulilipa, mstari ukapigwa, ukurasa ukaanza upya.

Watu wanaofikiri kwamba ule ulikuwa ukarimu tu hawajaitazama hesabu yake. Yeye naye alikuwa ameandikwa mahali. Mchele aliuchukua kwa mali kauli katika maduka yanayolizunguka soko kuu la Kariakoo, lile jengo la msanifu Beda Amuli lililofunguliwa mwaka 1975 na kuungua Julai 2021. Nazi alikopa kwa mtu wa Tandale, mkaa kwa jirani. Kwa hiyo mshahara wa karani ulipochelewa, na katika miaka ile ulichelewa mara nyingi, deni lilitembea: kutoka kwa karani kwenda kwa mama, kutoka kwa mama kwenda kwa muuza mchele, kutoka kwa muuza mchele mpaka kwenye lori lililotoka Mbeya. Mtu mmoja akihama kazi bila kulipa, kesho yake nyama ilipungua kwenye mchuzi wa watu wote. Ndiyo maana aliyetoroka na deni hakulaumiwa na mama peke yake. Benchi zima lilimjua, na habari zake zilimfuata mpaka Buguruni.

Na palipotokea pengo kubwa, liliokolewa na mchezo. Wanawake wa vibanda vya mtaa ule walichangishana kila siku, na kila baada ya muda mmoja wao alipokea kitita chote. Kwa fedha za mchezo ndipo sufuria jipya liliponunuliwa, ada ya shule ikalipwa, bati lililotoboka likabadilishwa. Hakuna benki iliyoshiriki. Nilipokuja kusoma juu ya mitaji midogo na namna ya kuwakopesha maskini, niliona mengi niliyokwisha kuyaona juu ya meza ya kitambaa cha maua.

Wazee wa jiji wanakumbuka jinsi biashara hii ilivyotanuka. Mwishoni mwa miaka ya 1970, baada ya Vita vya Kagera, na kuingia miaka ya 1980, mshahara ulipoteza nguvu. Sukari na sabuni zilipatikana kwa foleni. Ulikuja unga wa mahindi ya njano kutoka nje, ambao watani wa soka waliubatiza jina la Yanga kwa rangi yake. Mume aliyekuwa na kazi ya ofisini hakuweza tena kuilisha nyumba hadi tarehe kumi, na mke akatoka na sufuria. Alianza na maandazi mlangoni, akaenda na uji mpaka kwenye geti la kiwanda, mwishowe akaweka benchi.

Mwaka 1983 ikatungwa Sheria ya Nguvu Kazi, na katika operesheni zake waliohesabiwa kuwa hawana kazi mjini walisakwa ili warudishwe vijijini. Mtu aliyeuza chakula bila leseni aliingia kwenye hesabu hiyo kwa urahisi, hata kama vibarua waliojenga jiji walikuwa wameshiba kwa mkono wake. Naona uchungu kila ninapolifikiria hilo. Mambo yalilegea serikali iliporuhusu bidhaa za nje mwaka 1984, na alipoingia Rais Ali Hassan Mwinyi mwaka uliofuata, yule ambaye watu walimwita Mzee Ruksa, vibanda vilitokeza kila penye kivuli. Kizazi changu kilikulia kwenye benchi hizo.

Ramadhani ilikuwa na adabu yake. Mchana vibanda vingi vilifungwa, na vichache vilivyofunguliwa kwa ajili ya wasiofunga, wagonjwa na wasafiri vilizungushiwa khanga na mashuka, mtu akala ndani bila kumkera aliyefunga. Jioni palepale meza ilijaa futari: magimbi na mihogo ya nazi, viazi vitamu, kunde, tambi za sukari na hiliki, uji wa pilipili manga. Wakristo tulikaa kwenye benchi moja na waliofunga, tukingoja adhana pamoja nao, kwa kuwa hakuna aliyeona vizuri kuanza kabla ya wenzake.

Kisutu ilikuwa dunia nyingine, na niliipenda kwa namna nyingine. Kati ya Mtaa wa Jamhuri, Zanaki na Indira Gandhi palikuwa na nyumba za chai za Wahindi ambako meza zilikuwa za marumaru iliyopasuka na chai ilichemka na maziwa, tangawizi na iliki tangu alfajiri. Ulikaa bila kuulizwa, sahani ya bajia ikawekwa mbele yako, na ulipoondoka walihesabu zilizobaki. Bajia zilikuwa za dengu na za choroko, nyepesi ndani, na chatini yake ilikuwa ya nazi, pilipili mbichi na ndimu, yenye maji maji ili bajia inywe. Palikuwa na kachori za viazi zilizokaangwa njano, sambusa za nyama zenye kitunguu kingi, na kababu iliyoficha yai zima ndani yake.

Lakini sahani ya Kisutu, kwangu mimi, ni mchanganyiko. Ni viazi vya kuchemsha, bajia zilizovunjwa, kachori, mihogo iliyokaangwa ikakauka, na juu yake mchuzi wa ukwaju na chatini, vyote katika bakuli moja. Ni ndugu wa urojo wa Unguja, ambao una mchuzi mzito wa unga uliochachuliwa kwa embe au ndimu, na mara nyingi huongezwa mishkaki na yai. Watu wa Unguja watasema wao ndio wenye chakula hicho, na sioni haja ya kubishana nao. Urojo wa jioni unaoliwa kwa kusimama kando ya barabara ya Mji Mkongwe hauna mpinzani. Ila mchanganyiko wa Kisutu una ukali wa ukwaju ambao hunijia mdomoni hata sasa ninapoandika.

Jua likizama, mitaa ileile ilibadilika. Majiko marefu ya mkaa yalitolewa kwenye kando ya barabara, na mishkaki, kuku na mikate ya kuokwa vikaanza. Mamboz, pale kona ya Barabara ya Morogoro na Mtaa wa Libya, bado wanachoma jioni, na bado watu hukaa nje kwenye viti vya plastiki, familia nzima, bibi katika baibui na wajukuu wenye jezi za mpira. Moshi unaingia kwenye nguo na unarudi nao nyumbani.

Feri, kwenye soko la samaki, nitaisema kwa kifupi, kwa kuwa kila mtu wa Dar ana Feri yake. Samaki anayekaangwa pale alikuwa baharini usiku uliopita: vibua, changu, kolekole, na pweza aliyekatwa vipande na kukaangwa kwenye makarai makubwa. Unaletewa na ndimu, chumvi na pilipili, basi. Anayeongeza kitu kingine anamharibu samaki.

Ubungo nayo naikumbuka kwa sababu haipo tena. Kituo cha mabasi ya mikoani kilipokuwa pale, mtu aliyefika saa kumi usiku kutoka Mwanza au Mbeya, na magari ya mjini hayajaanza, hakukosa pa kukaa. Kulikuwa na supu ya makongoro inayochemka, chapati za moto, chai ya rangi yenye tangawizi kali. Muuza kahawa alipita akigonganisha vikombe vyake vidogo, birika mkononi na kashata kwenye kisahani. Mgeni aliyekuwa na hofu ya jiji alikunywa supu, akaelekezwa gari la kupanda, akaambiwa afunge vizuri mkoba wake. Wanawake wale ndio waliokuwa mapokezi ya Dar es Salaam. Februari 2021 kilizinduliwa kituo kipya cha Magufuli huko Mbezi, kikubwa na kisafi, na mabasi yakaenda huko. Baadhi yao walifuata mabasi. Wengine walikuwa wameshazeeka, hawakuweza kuanza upya.

Oktoba 2021 wafanyabiashara wadogo waliondolewa kandokando ya barabara za jiji na kuelekezwa kwenye maeneo yaliyotengwa. Naelewa sababu yake. Mama mwenye mtoto mgongoni alikuwa analazimika kutembea barabarani katikati ya magari. Lakini chakula cha mchana hakiwezi kupangwa kama viatu vya mtumba. Mtu anayetaka viatu atapanda gari kuvifuata. Fundi mwenye dakika thelathini za kula hapandi gari kwenda kutafuta maharage. Mama lishe akihamishwa mita mia nane kutoka kwenye karakana, amefukuzwa kwa adabu tu, na fundi amebaki na soda na keki ya dukani. Ramani za miji yetu zina maegesho, zina vituo vya mwendokasi, zina bustani. Mahali pa mtu wa kawaida kula mchana, penye kivuli na maji, hapajachorwa, kana kwamba watu hao hawana matumbo.

Sililii kila kilichoondoka. Mifuko ya plastiki ilipopigwa marufuku tarehe 1 Juni 2019, chai na mchuzi wa moto viliacha kubebwa ndani yake, na hilo lilikuwa jema. Moshi nao siutamani. Mama yule wa Gerezani alikohoa kila msimu wa mvua, mkaa ukiwa umelowa na kibanda kimefumbwa turubai pande zote, na sina shaka kifua chake kiliumia kwa ajili ya sahani zetu. Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia, uliozinduliwa mwaka 2024, unalenga asilimia 80 ya Watanzania wawe wanatumia nishati safi ifikapo 2034, na mama lishe wamekuwa miongoni mwa wa kwanza kugawiwa majiko ya gesi. Kuna wanaosema wali wa gesi hauna ladha. Nimeula, na naona unaopikwa kwa haraka ndio usio na ladha. Wanaojali wamebaki na makaa machache ya kupalia juu ya mfuniko, gesi chini, na ukoko unashika vizuri.

Linaloniuma ni tui la pakiti. Wengi sasa wanalifungua kwa mkasi na kulimimina lote kwa mara moja, la kwanza na la pili halipo, na wali unatoka na mafuta bila harufu. Nazi ya kukuna ni ghali na mkono unachoka, najua. Hata hivyo nitaendelea kumtafuta anayekuna, na nikimpata nitawaambia wenzangu alipo.

Mmoja wa wanaokuna bado ni binti wa mama wa Gerezani. Anapika Ilala, karibu na jengo linaloinuliwa, na wateja wake wengi ni vibarua wa zege na mafundi rangi. Ana kibao cha namba ya kulipia kwa simu kilichoning'inizwa kwenye nguzo, na wengi wanalipa hivyo, simu ikilia kabla hawajanyanyuka. Daftari lipo. Hakopeshi zaidi ya wiki moja, kwa sababu vibarua wa ujenzi wanaondoka jengo likiisha, na mama yake alimwachia kurasa ambazo hazitapigwa mstari kamwe. Mtu mpya anakula kwa fedha taslimu mwezi wa kwanza. Akishajulikana, anapata ukurasa.

Nilimkuta akiosha mchicha kwenye beseni la tatu la maji, kama mama yake alivyofanya, mpaka mchanga uliposhuka chini na maji yakabaki safi. Nikamuuliza, kama jiji lingemsikiliza, angeomba nini. Nilitarajia ataje mkopo.

“Bomba, kaka,” akasema. “Maji nanunua kwa ndoo tangu asubuhi mpaka jioni, faida yote inaishia kwenye madumu. Na choo, wateja wangu wakanawe na kujisaidia kama watu. Wakituwekea hivyo viwili hapahapa tulipo, ushuru wao waje wachukue kila siku, siku ya kwanza mimi nitakuwa wa kwanza kulipa.”